Kisima Kimoja, Kaburi Moja

Waliponishusha katika ghala la chini ya nyumba ya Bar-Samya, mwuza zeituni, walinipa vitu viwili: bakuli la shaba na amri ya kunyamaza. Bakuli nilijaze maji, niliweke juu ya mwamba, nijilaze ubavu nilitazame. Maji yakitetema wakati hakuna anayepita juu, basi chini kuna watu wanachimba. Hiyo amri ya kunyamaza wangeweza kubaki nayo. Mke wangu alikuwa na mwaka wa tatu kaburini, mtoto hatukujaliwa, na mchimba visima si mtu wa kualikwa karamuni. Watu humkumbuka siku ndoo inapotoka na tope.

Mji wetu wa Hesna uko pale Kaisari wa Rumi anapoishia na Mfalme wa Wafalme wa Uajemi anapoanzia, ingawa kila mmoja wao angekuambia kwamba umekosea mpaka. Wahenga walisema wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Sisi tembo wenyewe tuliwaona. Walikuwa wanane, wamekuja na jeshi la Mfalme, wakafungwa nyuma ya mahema, wala hawakupigana na mtu. Walisimama tu mwezi mzima wakila shayiri yetu.

Mitambo yao ya kurushia mawe iliposhindwa kutoboa ukuta, siku moja ikanyamaza. Watu mjini wakashangilia. Akida Gaiano, mkuu wa askari wa Kaisari, hakushangilia. Alijua kwamba jeshi likinyamaza limeingia chini ya ardhi. Watachimba mpaka chini ya mnara wa kusini, wasimamishe magogo yashike mzigo, wayatie moto, na mnara ushuke pamoja na ukuta. Baada ya hapo ni panga, na atakayepona panga ni mtumwa. Akauliza nani mjini anajua kusikiliza ardhi. Tulikuwa watatu: mmoja alishauawa kwa jiwe, wa pili ni kiziwi, wa tatu ni mimi, Zuta, maana yake mdogo, jina ambalo nilipewa kwa sababu napenya mahali ambapo mbuzi angekataa.

Nyumba zote za jirani zikahamwa ili nipate utulivu. Mtaa ukafungwa kwa kamba. Askari waliopita mbali walivua viatu. Sijawahi kuheshimiwa hivyo, na sijawahi kuwa mpweke hivyo. Upweke wa nyumbani kwangu nilikuwa nimeuzoea, una panya, una mlango unaolia. Huu wa chini haukuwa na chochote. Nilifika mahali nikawa nalisalimia bakuli asubuhi.

Mtu pekee niliyemsikia ni Shmuni, mjane wa mtaa wetu, aliyeniteremshia kikapu cha chakula mara moja kwa siku kupitia tundu la sakafu. Alikatazwa kusema. Kumkataza Shmuni kusema ni kumkataza kuku kuparura.

"We Zuta, uko hai?"

"Shh."

"Usiniambie shh mimi. Nimekuletea mkate wa shayiri. Usiulize umechanganywa na nini."

"Umechanganywa na nini?"

"Si nimekwambia usiulize? Makapi, na vumbi la kinu. Kula." Akaniacha nitafune kidogo. "Huku juu wanasema wewe ndiye mwenye bahati mji mzima. Hupigwi mawe, hupangi foleni ya maji."

"Waambie waje tubadilishane."

"Nani aje? Mtu mwenyewe hata ukiwa huru huongei. Kimya kingi kina mshindo mkuu, ndiyo maana wamekutia chini." Akacheka peke yake, akavuta kikapu, na nikasikiliza nyayo zake mpaka zikaisha. Nilikuwa nazisikiliza nyayo zile kuliko nilivyokuwa nasikiliza Waajemi. Sioni aibu kusema.

Siku ya sita maji yakatetema. Nikalaza sikio kwenye mwamba. Mbali, upande wa kusini, sururu ilikuwa inagonga: ko, ko, halafu pumzi. Ko, ko, pumzi. Nikajua pale pale ni nani, kama mtu anavyojua kikohozi cha mkewe chumba cha pili.

Alikuwa Yazdin wa Tel Hara, kijiji cha ng'ambo ya mto, nusu siku kwa punda. Miaka ishirini na miwili tulichimba visima pamoja, pande zote mbili za mpaka, maana kiu haina Kaisari. Lugha yetu moja, dengu zetu zinapikwa namna moja, na mto wenyewe wakati wa kiangazi unauvuka ukiwa umeshika ndara mkononi. Alitumia mkono wa kushoto, akagonga mara mbili akapumzika, na nilimtania miaka yote kwamba anachimba kama mtu anayebisha hodi kwa mkwewe. Kisha vita vikaja, mto ukawekwa walinzi, na kwa miaka mitatu sikumwona. Wenye nguvu walikuwa wamemkamata kama walivyonikamata mimi, kila mmoja kwa mfalme wake.

Sasa sikiliza, maana bila hili hutaelewa yaliyobaki. Wachimbaji wawili, mmoja akiwa chini na mwingine mdomoni mwa kisima, hawasikiani kwa sauti. Wanagonga. Mapigo mawili ya polepole maana yake "Uko?" Wa chini akijibu mawili, amesema "Niko." Asipojibu, unangoja muda wa kusali Baba Yetu, unagonga tena. Asipojibu, unasali tena, unagonga mara ya tatu. Kimya cha tatu ni kifo. Hapo unaweka vyombo chini, hushuki, humfuati, unakifukia kisima kwa mawe, na hakuna mchimbaji atakayeipiga ardhi ile kwa siku arobaini. Chini kuna hewa mbaya isiyoonekana, na imeua waokoaji wengi kuliko ilivyoua wachimbaji. Kwetu tunasema: kisima kimoja, kaburi moja.

Yazdin aliishika sheria hiyo kuliko mtu yeyote niliyemjua. Baba yake alikata sauti kisimani, amu yake akamfuata, amu wa pili akamfuata huyo, na Yazdin akiwa na miaka kumi na tisa alibaki juu ameshika kamba. Ndiye aliyenilazimisha kuapa, siku ya kwanza ya kazi yetu. "Nikinyamaza mara tatu, we ondoka," aliniambia. "Ukinyamaza wewe, naondoka. Sitaki machozi. Apa." Tukaapa, kila mtu kwa mtakatifu wake.

Siku ile ya sita, adhuhuri, sururu zao zikatulia. Walikuwa wametoka kula. Nikabaki nimelaza sikio, nikausikia mwamba ukigongwa, taratibu, mara mbili.

Uko?

Alijua. Alijiuliza tu ni nani Hesna wangemtia chini kusikiliza, akapata jibu moja. Mkono wangu ulishika tindo na nyundo kabla sijafikiri, ukagonga mara mbili. Niko.

Akagonga hovyo hovyo mara tano sita, jambo lisilo na maana yoyote katika kazi yetu. Alikuwa anacheka. Nami nikalia, mzee mzima, nimekumbatia ukuta wa ghala la zeituni.

Tangu hapo kila adhuhuri wenzake wakitoka, yeye alibaki nyuma akanigongea. Uko? Niko. Basi. Hatukuwa na maneno mengine, na sikuhitaji mengine. Asubuhi yote niliingoja. Mchana wote niliikumbuka. Shmuni akaniuliza mbona siku hizi namaliza mkate, nikamwambia umepikwa vizuri, akaguna.

Lakini kila siku yale mapigo yalikuwa karibu zaidi. Akida Gaiano alituma mtu kuuliza kila jioni, na kila jioni nilijibu, "Wapo, ila bado wako mbali." Huo ulikuwa uongo. Nilikuwa najinunulia adhuhuri moja moja kwa shingo za watu wote wa Hesna.

Siku ya kumi akaja mwenyewe. Alikuwa mtu wa upande wa Antiokia, lugha yetu aliiongea kama anatafuna mchanga, lakini hakuwa mtu mbaya. Mwezi ule ulikuwa umemkondesha mpaka mkanda wake ulikuwa umefungwa fundo. Akaketi sakafuni mkabala na bakuli. Maji yalikuwa yanatetema mpaka ukingoni.

"Mzee Zuta."

"Bwana akida."

"Haya maji yanacheza."

"Yanacheza, bwana."

"Na wewe jana umesema wako mbali." Hakupaza sauti. "Mimi si mchimbaji. Nyumbani baba yangu anauza sufu. Lakini hata mwuza sufu anaona. Nina watu elfu saba huko juu, wanakula makapi. Niambie ukweli, halafu ukitaka nichukie."

Nilimfikiria Shmuni na vumbi lake la kinu. Nilifikiria mikono yake ikifungwa kamba kwenda kuuzwa. Kisha nikasema, "Hatua tatu kutoka ukuta huu. Wanauelekea mnara wa kusini. Siku tatu, watakuwa chini yake."

Hakuuliza kwa nini. Akaita watu. Usiku kucha na asubuhi wakachimba tundu jembamba kutoka ghalani kwangu kuelekea njia yao, mimi nikiwaelekeza kwa kidole, maana nani mwingine angewaelekeza? Wakaleta mivukuto miwili ya wahunzi, chungu cha lami, na salfa. Moshi wa salfa ukipulizwa katika njia isiyo na mlango wa pili, mtu hapigi hata hatua ishirini.

"Tutangoja wapumzike, wale, warudi wote," akida akasema. "Wakianza kugonga tena, tunapuliza."

Kwa hiyo nilikuwa na adhuhuri moja. Niliipindua kichwani kila upande. Nimgongee nini? Kazi yetu ina pigo la "nivute", ina la "teremsha ndoo", ina la "nimeangukiwa". La "kimbia" haina. Hakuna aliyewahi kulihitaji, maana anayechimba kisima hana mahali pa kukimbilia. Nikigonga "Niko", atacheka, atabaki, wenzake watarudi, na moshi utamkuta. Ndipo nikauona mlango, na nikashangaa kwamba sikuuona mapema. Ningenyamaza. Ningenyamaza mara tatu. Yazdin angeweka sururu chini, angetoka, na kwa siku arobaini wasingepata kumrudisha humo hata kwa fimbo. Angeniomboleza, sawa. Angefika nyumbani Tel Hara akiwa hai akiniomboleza.

Adhuhuri ikafika. Sururu zikatulia. Akida na wahunzi walikuwa kando yangu wamekaa kimya, nami sikio liko mwambani.

Uko?

Niliushika mkono wangu wa kulia kwa mkono wa kushoto. Nikasali Baba Yetu pamoja naye, mwendo wake, maana najua anavyoburuta maneno.

Uko?

Mara hii kwa nguvu kidogo. Mhunzi mmoja akanitazama usoni akageuka pembeni. Nikasali tena.

Uko?

Kimya cha tatu. Nikasikia chuma kikiwekwa chini. Nikasikia, au nilitaka kusikia, nyayo zikienda mbali, zikififia kabisa. Amina, nikasema moyoni, nenda ndugu yangu, nenda. Nilihisi kama nimefukiwa kweli, na sikujali. Alikuwa ametoka.

Tukangoja. Muda wa kula mkate ukapita.

Kisha sururu ikaanza. Moja tu. Ko-ko-ko-ko, bila pumzi. Sikuitambua. Kwa Mungu sikuitambua, nikadhani wameleta mchimbaji mwingine, kijana, mwenye haraka. Bakuli likaanza kumwaga maji. Yale mapigo hayakuwa yanakwenda mnarani. Yalikuwa yanakuja kwetu, moja kwa moja, ukutani pale pale nilipolaza sikio. Ndipo nikasikia kwamba kila chuma kilipopiga, kilipiga kutokea kushoto.

"Wamerudi," akida akasema. "Pulizeni."

Nilikuwa na nyundo mkononi. Ningeweza kugonga. Mara mbili tu, na wala kisingebadilika kitu, moshi ulikwisha kuingia tunduni. Lakini angejua niko hai. Nilifikiri nikigonga ataacha kuchimba, atakaa kunisikiliza, na moshi utamkuta amekaa. Nilifikiri nisipogonga labda atachoka, atarudi nyuma. Nilifikiri mambo mengi, na mivukuto ilikuwa inahema, na nyundo ilibaki mkononi. Sururu ikapunguza mwendo. Ikagonga moja. Ikangoja. Ikagonga moja nyingine, karibu sana, ningeweza kuweka kiganja pale. Basi.

Waajemi hawakuingia tena katika njia ile. Siku tisa baadaye walivunja mahema, wakaondoka na tembo wao. Wengine walisema ni tauni, wengine wakasema Mfalme ameshikwa na vita vingine mashariki. Kanisani tulipiga kengele za mbao mpaka zikapasuka, na askofu akanitaja jina mbele ya watu wote.

Njia ilipoacha kunuka, akida akanituma nishuke kuitazama. Mimi mdogo, ndiye ninayepenya. Njia ya Mfalme ilikuwa pana, watu wawili bega kwa bega, imeshikwa na nguzo nzuri za mlozi, inakwenda mnarani. Hatua tatu kutoka ghalani ilikuwa imechepuka. Kichepuko kilikuwa na upana wa mabega ya mtu mmoja, hakina nguzo hata moja, kimechimbwa na mtu ambaye hakujali kama kitamwangukia. Njia ya kuangushia mnara haichimbwi hivyo. Hivyo huchimbwa kumfikia mtu aliyefukiwa. Yeye alikuwa mwisho wake, uso chini, mkono wa kushoto mbele. Kiunoni alikuwa amejifunga kamba, na ncha ya pili ya kamba alikuwa ameifunga kitanzi kingine, kitupu, kilichopimwa kwa mwili mdogo. Hakukuwa na mtu mwingine. Ule moshi wote uliua mtu mmoja.

Nilimzika upande wa mke wangu. Nilisema ni Mwajemi tu, na watu wakasema Zuta ana moyo mzuri.

Shmuni alikuja kunisaidia kurudisha vitu vyangu nyumbani. Njiani akasema, "Mji mzima unauliza, nami nimechoka kubuni. Ulimvutaje mpaka akaacha mnara akakufuata wewe?"

"Nilinyamaza," nikamwambia.

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Basi ungewamaliza jeshi zima!" Kesho yake mtaa wote ulikuwa unaurudia utani ule, na mimi nikiwa kisimani kwa mtu nikausikia kutoka juu.

Mwaka uliofuata walinzi waliondolewa mtoni. Nilivuka na ndara mkononi, sikuwa na kazi ya kunivusha. Kivukoni niliketi karibu na mtu aliyekuwa akinoa sururu, mtu wa milimani huko kwao Waajemi, mgeni kwa pande zile. Tukagawana jibini. Akaniuliza natoka wapi, nikasema Hesna.

"Hesna!" akasema. "Nilikuwa pale, chini ya ardhi. Walitukamata kuchimba. Mkubwa wetu alikuwa mtu wa hapa karibu, Yazdin, mkono wa kushoto. Ulimjua?"

"Nilimsikia tu."

"Siku moja tumetoka kula, akatujia mbio, uso mweupe. Anasema, Zuta ameangukiwa, upande wa pili wa mwamba, hajibu. Akachukua kamba. Sisi tukamwambia, mzee, umetufundisha wewe mwenyewe, kisima kimoja kaburi moja. Akasema, ndiyo, na msinifuate, yeyote kati yenu. Tukamuuliza, na wewe je? Akasema, mimi nilishawahi kubaki juu nimeshika kamba mara moja. Sirudii." Akapuliza vumbi la jiwe la kunolea. "Hakutoka. Tukaweka vyombo chini sote. Maofisa walitupiga, wakaua wawili wetu, tukakataa. Ardhi ilishakuwa kaburi. Ndiyo maana mji wenu uko mpaka leo."

Nilimkatia kipande kingine cha jibini.

"Hebu niambie, wewe mtu wa Hesna," akasema. "Huyo Zuta. Mlifanikiwa kumtoa?"

Nikamwambia bado.